Monita 6 za bei nafuu zisizokula umeme kwa ajili ya steshenari: nichukue zipi?

Steshenari_Moro

Wakuu, habari za kazi.

Naandaa chumba cha steshenari na mafunzo ya kompyuta hapa Morogoro mjini. CPU sita ziko tayari, zimebaki monita sita. Mfuko unaruhusu milioni moja hadi milioni moja na laki mbili kwa zote. Kazi ni kuchapa barua na CV, Excel, kujaza maombi ya mtandaoni na kufundisha wanaoanza. Gemu na kuhariri video hakuna.

Umeme ni wa TANESCO, T1 (kundi la wateja wa kawaida), uniti moja inanigharimu karibu shilingi 356 ikiwa na kodi na tozo. Ukikatika nategemea inveta na betri moja ya asidi, 12V 100Ah, inayochajiwa na sola. Tutafungua saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi.

Bei nilizotajiwa ni hizi: Dell 1908FP iliyotumika, inchi 19 za umbo la mraba, 100,000. Inchi 22 za LED zilizotumika, Dell P2214H na HP E221, 170,000. Inchi 22 mpya ndani ya boksi, 290,000. Na TV mpya ya inchi 32 kwa 260,000, ambayo muuzaji anasema inafanya kazi zote mbili.

Naomba kujua ipi inakula umeme kidogo kweli, si kwa maneno ya dukani. Je, mpya inaokoa umeme kiasi cha kurudisha tofauti ya bei? Kama inarudisha, nitatafuta nyongeza. Na zile lebo za nyota na herufi zina maana yoyote kwetu huku?

---

FundiBodi

Karibu mkuu. Umeshaweka saa na bei ya uniti, kwa hiyo tupige hesabu moja kwa moja.

Anza na taa ya nyuma. Kioo cha LCD chenyewe hakitoi mwanga. Mwanga unatoka kwenye taa iliyo nyuma au pembeni yake, na taa hiyo ndiyo inayokula sehemu kubwa ya umeme wa monita. 1908FP ni ya kizazi cha CCFL, yaani mirija myembamba yenye zebaki, jamaa ya tyubulaiti. Inchi 19 ya aina hiyo hula kama wati 30 hadi 40 mwangaza ukiwa juu. Inchi 22 ya LED hula wati 17 hadi 22, tena kioo chake ni kikubwa zaidi.

Chukua 40 dhidi ya 20. Wati 20 × saa 10 × siku 26 ni uniti 5.2 kwa mwezi kwa monita moja, karibu shilingi 1,850. Kwa monita sita ni uniti 31.2, kama shilingi 11,100 kila mwezi. Umetajiwa tofauti ya bei ya 70,000 kwa kila moja, kwa hiyo inarudi baada ya miezi 38 hivi. Kwa LUKU (umeme wa kulipia kabla) peke yake hiyo ni faida ya polepole. Ila mirija ya CCFL iliyotumika miaka yote hiyo iko ukingoni, na wewe una betri ya kufikiria. Mimi 1908FP nisingeichukua hata kwa bei hiyo.

Sasa mpya dhidi ya iliyotumika, zote zikiwa LED. Hapo ndipo wanunuzi wengi hulipia kisichokuwepo. Tuseme iliyotumika inakula wati 22 na mpya 17. Wati 5 kwa saa zako ni uniti 1.3 kwa mwezi, shilingi 463. Tofauti ya bei ni 120,000. Gawanya: miezi 259, zaidi ya miaka 21. Hakuna monita itakayokaa mezani muda huo. Ukitaka mpya kwa ajili ya waranti, sawa, hiyo ni sababu halali. Kwa sababu ya umeme, hapana.

Kutambua CCFL ukiwa dukani: geuza monita usome lebo ya nyuma. Ukikuta alama ya Hg au onyo la zebaki, hiyo ni mirija. Ishara nyingine ni unene wa mgongo, na mwanga unaoanza hafifu wenye wekundu au unjano kisha kukolea baada ya dakika kadhaa. LED inawaka kamili papo hapo.

Kwenye lebo hiyo hiyo utaona kitu kama "100-240V 1.5A". Usizidishe 240 kwa 1.5 ukasema monita inakula wati 360. Hicho ni kikomo cha mkondo ambacho pawa ya ndani inaweza kuvuta kwa voltage ya chini kabisa, si matumizi ya kawaida. Kama monita ina adapta ya nje, kipimo chake kinasema ukweli zaidi: zidisha volti za kutoka kwa ampea. 19V 1.3A ni wati 25 kwa juu kabisa, 12V 3A ni wati 36, na monita yenyewe mara nyingi iko chini ya hapo.

Ukienda kununua zilizotumika, nenda na laptopu yako na waya wako, usikubali kuonyeshwa logo ya kampuni ikizunguka tu kwenye kioo. Fanya hivi kwa kila moja:

Andaa picha tano za rangi moja moja: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu. Kwenye nyeupe tafuta vidoa vyeusi, mawingu ya kivuli na sehemu zilizofubaa. Kioo kilichobanwa wakati wa usafirishaji huacha alama kama ukungu na haitoki. Kwenye nyeusi, punguza mwanga wa chumba uangalie pembe zinazovujisha mwanga. Pikseli moja iliyokufa kwenye kona si sababu ya kukataa, dai punguzo. Mstari wa wima au wa ulalo, kataa. Huo unatoka kwenye utepe uliogandishwa kwenye kioo, na matengenezo yake yanazidi bei ya monita.

Iache iwake angalau dakika 20. Hitilafu nyingi za bodi ya pawa hujitokeza ikipata moto. Monita inayowaka sekunde mbili kisha inakuwa giza ina tatizo la taa ya nyuma au la bodi inayoiendesha: mulika tochi ya simu kwenye kioo, ukiona picha kwa mbali basi kioo ni kizima ila taa imekufa. Monita inayojizima na kujiwasha kwa kusitasita, au inayochelewa kuwaka ikiwa baridi, mara nyingi kapasita za bodi ya pawa zimevimba. Kapasita ni za bei ndogo na fundi anabadilisha kwa muda mfupi, kwa sharti awe makini: kapasita kubwa ya upande wa umeme mkuu hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi.

Kwa HP za ofisi, ingia kwenye menyu, sehemu ya taarifa: modeli nyingi zinaonyesha saa ambazo taa ya nyuma imewaka. Kwa matumizi yako, mwaka mmoja ni saa 3,120. Ukikuta 10,000 hadi 15,000, hiyo bado ina maisha. Ukikuta zaidi ya 30,000, weka chini, kwa sababu taa itakuwa imefifia na utalazimika kupandisha mwangaza hadi mwisho ili uone, na hapo umeme unaokoa wapi?

---

Mzee_wa_Risiti

Nampinga FundiBodi kwenye jambo moja. Chumba cha biashara hakitaki vifaa vya kubahatisha. Monita mpya ina waranti ya maandishi, ikifa mwezi wa nne unaenda na risiti. Iliyotumika ikifa mteja amekaa kwenye kiti, umepoteza mteja. Anunue nne mpya aanze, mbili aongeze baadaye.

---

FundiBodi

Mzee wangu, hoja ya waranti naiheshimu na sijaikataa. Lakini tazama fedha: nne mpya ni 1,160,000, na chumba kinaanza na viti viwili vitupu. Sita zilizotumika ni 1,020,000, na kwa 170,000 nyingine anaweka ya saba kabatini kama akiba. Ile ya akiba inafanya kazi ya waranti kwa dakika tano, bila kupanga foleni dukani. Jumla 1,190,000, bado yuko ndani ya bajeti.

Sharti ni moja: achukue modeli ileile zote saba. Waya zitafanana, stendi zitafanana, na moja ikifa kwa kioo, bodi yake inakuwa spea ya nyingine.

---

Stima_Nakuru

Salamu kutoka Nakuru. Niguse TV na lebo.

TV ya inchi 32 ya bei hiyo mara nyingi ni ya pikseli 1366 × 768. Ukizitawanya kwenye inchi 32 unapata kama pikseli 49 kwa kila inchi moja, ilhali inchi 22 ya 1920 × 1080 inakupa zaidi ya 100. Mtu akikaa hatua moja kutoka kwenye kioo atasoma herufi zenye ngazi ngazi siku nzima. Juu ya hapo, TV nyingi hukata kingo za picha mpaka uingie kwenye menyu urekebishe, na nyingine hupunguza taarifa za rangi kwenye HDMI, kwa hivyo maandishi mekundu juu ya rangi nyingine yanatoka na ukungu. Halafu kompyuta ikilala, TV haifuati. Inabaki ikiwaka na maandishi ya kwamba hakuna signali, na taa yake ya nyuma inaendelea kula stima. Monita ikikosa signali inashuka yenyewe hadi karibu nusu wati.

TV moja ya kufundishia, ukutani, ikionyesha skrini ya mwalimu, hiyo ni sawa kabisa. Ya kuchapia barua, hapana.

Kuhusu lebo. Energy Star inamaanisha monita ilipita kikomo cha matumizi kilichokuwepo wakati wa kuidhinishwa, kwa hivyo stika ya mwaka 2009 na ya mwaka 2020 haziko sawa. Zile herufi A hadi G ni za Umoja wa Ulaya, na kwa monita kipimo kipya kilianza kutumika tarehe 1 Machi 2021. Monita nzuri tu za kawaida ziko D, E au F, usishtuke. Kitu cha kusoma pale si herufi, ni namba ya kWh (yaani uniti) kwa saa 1000. Ikiandikwa 16, basi monita inakula wati 16. Saa elfu moja kwa wati 16 ni kWh 16, hesabu haina kona. Herufi inazingatia ukubwa wa kioo, kwa hivyo inchi 27 yenye E inaweza kula zaidi ya inchi 22 yenye F. Eneo la inchi 27 ni zaidi ya mara moja na nusu ya inchi 22, na mwanga wa kuliangaza lazima utoke mahali.

Na mwisho, ndugu, CPU zako ni za aina gani? Kama ni yale makasha makubwa ya zamani, kila moja inakula wati 50 hadi 80 ikiwa imetulia tu. Zile ndogo za ofisi, OptiPlex Micro, EliteDesk Mini au ThinkCentre Tiny, hukaa kwenye wati 10 hadi 15 kwa kazi ya kuandika. Unaweza kubana wati 5 kwenye monita na kuachia 50 kwenye CPU iliyo chini ya meza.

---

Sola_Kihonda

Stima_Nakuru amegusa penyewe. Nitaongeza upande wa betri, kwa sababu kwa mleta mada hapo ndipo wati zinapouma, kuliko kwenye LUKU.

Betri ya asidi ya 12V 100Ah ni watisaa 1,200 kwenye karatasi. Ukitaka idumu, tumia nusu: 600. Inveta inapoteza sehemu yake, chukua ufanisi wa asilimia 85. Sasa weka monita sita peke yake, bila CPU:

CCFL za wati 40: mzigo 240, betri inatoa 282, saa 2 na kidogo.
LED za wati 20: mzigo 120, betri inatoa 141, saa 4 na robo.
LED zile zile zikishushwa mwangaza hadi wati 12: mzigo 72, betri inatoa 85, saa 7.

Mstari wa tatu haukukugharimu hata senti.

Ongeza CPU. Ndogo sita za wati 15 pamoja na monita za wati 12 ni wati 162, betri inatoa 190, unapata saa 3 na dakika chache. Makasha makubwa sita ya wati 60 pamoja na monita hizo hizo ni wati 432, betri inatoa 508, na kwa hesabu ni saa 1 na dakika 10. Kwa hali halisi ni chini ya hapo, maana betri ya asidi ikivutwa ampea 42 kwa mpigo haitoi uwezo wake wote. Kwa hiyo kama ni makasha makubwa, ukikatika umeme fanya kazi na viti viwili, vingine vizime.

Kuna wanaotaka kuwasha monita moja kwa moja kutoka kwenye betri bila inveta. Inawezekana kwa zenye adapta ya nje, na unaokoa upotevu wa inveta, lakini usichomeke betri moja kwa moja hata kama adapta imeandikwa 12V. Betri ya 12V haikai kwenye 12: ikiwa imechoka iko 11 na kitu, ikichajiwa inafika 14.4. Weka kifaa cha kutuliza voltage, kile cha DC kwa DC kinachopandisha na kushusha, kinachotoa 12V thabiti, ampea 5 kwa monita moja inatosha na ziada. Fyuzi ya ampea 5 karibu na betri. Waya wa milimita 1.5, ukitumia waya mwembamba wa 0.5 kwa mita tano, kwa mkondo wa ampea 2 unapoteza karibu volti 0.7 njiani. Kwa monita ya 19V unahitaji kinachopandisha hadi 19.

Chunga sana vichwa vya adapta. Samsung nyingi ni 14V, LG nyingi ni 19V, nyingine 12V, na kichwa cha moja kinaweza kuingia kwenye nyingine bila shida. Ukichomeka 19V kwenye monita ya 12V bodi inaungua hapo hapo. Andika volti kwa maka pini kwenye adapta na nyuma ya monita siku ya kwanza.

P2214H na E221 ulizotajiwa zina pawa ndani, zinachukua waya wa kawaida wa kompyuta, kwa hiyo hizo zibaki kwenye inveta.

---

Steshenari_Moro

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. CPU ni EliteDesk Mini, kwa hiyo hapo niko salama. TV nimeiacha, 1908FP nimeiacha.

Yamebaki matatu. Kwanza, nikishusha mwangaza, macho ya wanafunzi hayataumia? Pili, nawezaje kupima wati mwenyewe bila kununua kifaa? Tatu, hizo P2214H naona hazina HDMI, nyuma kuna matundu ya VGA, DVI na DisplayPort tu. Nitaunganishaje?

---

Binti_Maabara

Habari kaka. Nijibu la kwanza na la pili, nyaya nawaachia mafundi.

Macho mara nyingi huumia kwa mwangaza uliozidi ule wa chumba kuliko kwa mwangaza uliopungua. Monita ya ofisi hutoka kiwandani ikiwa imewekwa kwa ajili ya kuvutia dukani; uwezo wake ni kama niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo). Ndani ya chumba chenye mwanga wa kawaida, niti 100 hadi 150 zinatosha kusoma na kuandika. Kwa vitendo: weka karatasi nyeupe ya A4 pembeni ya kioo, fungua ukurasa mtupu wa Word, kisha shusha mwangaza mpaka weupe wa kioo ulingane na weupe wa karatasi. Kwa P2214H itaangukia kati ya 25 na 45 kwenye menyu, kutegemea umri wa taa. Usishushe kwa kutumia kontrasti. Kontrasti haibadilishi taa ya nyuma, kwa hiyo umeme unabaki ule ule na herufi zinafifia.

Panga meza ili dirisha liwe ubavuni. Dirisha likiwa nyuma ya mwanafunzi linaakisi kwenye kioo, na likiwa nyuma ya monita linamfanya ahisi kioo ni cheusi. Kwa vyote viwili atapandisha mwangaza hadi 100. Pazia jepesi linaokoa umeme kuliko lebo yoyote.

Tatizo la kweli la kushusha mwangaza ni kupepesa. Baadhi ya monita za LED, hasa za miaka ya mwanzo, hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima taa haraka haraka, mara mia mbili hivi kwa sekunde. Jicho halioni, lakini wapo wanaopata kichwa kuuma. Ili kujua, shusha mwangaza hadi 20, fungua kamera ya simu, isogeze karibu na kioo cheupe. Ukiona mistari myeusi inapita kwenye picha, inapepesa. Punga kalamu haraka mbele ya kioo: ikionekana vipande vipande badala ya ukungu mmoja, ni jibu lile lile. Hili lifanyie dukani, kabla ya kulipa. Ukikuta inapepesa, na hakuna nyingine, iache mwangaza kwenye 60 au 70. Umeme utaongezeka wati chache tu.

Sasa vitu viwili ambavyo watu huamini na haviokoi kitu. Rangi nyeusi ya Windows haipunguzi umeme kwenye LCD, kwa sababu taa ya nyuma inawaka vilevile hata picha ikiwa nyeusi. Inaokoa kwenye OLED tu, kama za simu. Na picha zinazochezacheza mashine ikiachwa haziokoi lolote, kioo kinawaka muda wote. Kinachookoa ni kioo kuzima. Kwenye kila mashine fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

powercfg /change monitor-timeout-ac 5

Baada ya dakika 5 bila kuguswa monita inalala. Kwenye chumba cha mafunzo, mwalimu akiwa anaelezea ubaoni, hizo dakika zinajumlika.

Kupima wati: tumia mita yako ya LUKU. Ina taa nyekundu inayokonyeza, na pembeni imeandikwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake, kukonyeza mara 1000 ni uniti moja. Zima kila kitu kwenye jengo, hata chaja na friji, halafu washa CPU zote sita na monita zake, upime; kisha zima monita tu kwa vitufe vyake upime tena, tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo wati za monita. Hesabu sekunde kati ya mkonyezo mmoja na unaofuata. Gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, jibu ni wati. Sekunde 30 ni wati 120. Sekunde 50 ni wati 72. Mita ikiwa ya 1600, gawanya 2,250 badala ya 3,600. Pima monita zote kwa pamoja. Moja peke yake itakufanya usubiri dakika tatu kwa kila mkonyezo, na mzigo mdogo uliosahau kuuzima utaharibu jibu lote. Chukua mikonyezo mitano au zaidi ugawe wastani.

Na jambo dogo kwa steshenari: kama utapata inchi 24 ya LED kwa nyongeza ndogo, chukua hata moja kwa meza ya kupanga kazi za kuprinti. Urefu wa kioo chake kwenda juu ni karibu sentimita 29.6, na A4 ni 29.7. Mteja anaona ukurasa wake kwa ukubwa halisi kabla ya kulipia. Itaongeza wati tatu nne hivi.

---

FundiBodi

Binti_Maabara amemaliza, mimi nifunge nyaya.

EliteDesk Mini nyingi zina DisplayPort mbili nyuma, nyingine zina VGA pia au tundu moja la ziada. Tazama zako kwanza. DisplayPort kwenda DisplayPort ndiyo njia safi kwa P2214H, waya mmoja, hakuna kigeuzi.

Kama mashine ina HDMI tu, nunua waya wa HDMI kwenda DVI. Hauna kifaa chochote cha umeme ndani, ni pini kwa pini, bei ndogo, unapitisha 1920 × 1080 kwa Hz 60 bila shida. Sauti haipiti, lakini monita hizo hazina spika.

Kosa linalowapotezea watu hela ni waya wa DisplayPort kwenda HDMI. Huo unafanya kazi upande mmoja tu: kompyuta iwe na DisplayPort, monita iwe na HDMI. Ukiugeuza, kompyuta ya HDMI kwenda monita ya DisplayPort, kioo kinabaki cheusi na utadhani monita ni mbovu. Upande huo unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, kinachochomekwa na USB kupata umeme, na ni ghali. DVI ipo, itumie.

VGA iwe ya mwisho. Ukilazimika, bonyeza kitufe cha kurekebisha kiotomatiki kwenye menyu huku ukurasa wa Word ukiwa wazi, si kioo cheusi, ili monita ipate kingo za picha. Herufi bado zitakuwa na kivuli kidogo.

Kuhusu ulinzi: umeme ukirudi baada ya kukatika ndipo bodi za pawa zinapoungua. Weka kifaa cha kulinda voltage chenye kuchelewesha, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kimoja kwa mzigo wote wa monita na CPU kinatosha, maana jumla haifiki wati 300. Ekstensheni zote zipite kwenye swichi moja ya ukutani ili jioni uzime kwa mkono mmoja. Monita sita zikilala kwa nusu wati kila moja nje ya saa za kazi ni uniti moja na kidogo kwa mwezi. Si nyingi, ila radi ya usiku haitafuti idadi ya uniti.

Ukienda kuzichukua, omba pia waya wa umeme na stendi kwa kila moja, na hakikisha kila stendi inashika vizuri. Stendi za P2214H na E221 zote hupanda na kushuka, na nyuma kuna matundu ya milimita 100 × 100 kama utataka kuzifunga ukutani. Muuzaji akikuletea zisizo na stendi, toa bei yake kwenye 170,000.